"Bwana asifiwe": Salamu inayovuka mipaka na uzito wa jibu lake

Na Mwandishi Wetu

Katika vibanda vya Mutukula, Rusumo, Kabanga na Busia, biashara nyingi huanza kabla bei haijatajwa. Anayeingia husema, "Bwana asifiwe." Aliyekaa nyuma ya mizani hujibu, "Amina." Baada ya hapo kiti huvutwa, chai huagizwa, na mara nyingine magunia ya maharagwe au robota la vitenge huondoka bila fedha kulipwa.

Wafanyabiashara huuita mpango huo mali kauli. Mzigo hutolewa kwa neno la mdomo, na malipo hurudi baada ya kuuza. Hakuna dhamana, hakuna wakili, na mara nyingi hakuna hata karatasi. Mzigo ukishavuka mpaka, kumfuata mdaiwa kunahitaji nauli, lugha na muda ambavyo mdai mdogo hana. Kilichobaki mkononi mwake ni kumbukumbu ya namna walivyosalimiana.

Ndiyo maana inafaa kuuliza salamu hii inasema nini hasa, imetoka wapi, na inaweza kubeba mzigo wa kiasi gani. Wengi wetu tunaitumia kila siku kama "habari za asubuhi" nyingine. Lakini ni salamu yenye historia ndefu katika ukanda huu, na historia hiyo inahusu madeni na malipo zaidi ya wengi wanavyodhani.

Maneno tofauti, maana moja

Anayezunguka Ziwa Victoria na kushuka hadi Maziwa ya Magharibi atakutana na salamu hiyo katika sura nyingi.

Tanzania na Kenya, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste husema "Bwana asifiwe" au "Bwana Yesu asifiwe". Wakatoliki husema "Tumsifu Yesu Kristu", na jibu ni "Milele na milele, Amina", au kwa kifupi, "Milele, Amina". Salamu hiyo ya Kikatoliki inafuata desturi ya zamani ya Kanisa la Kilatini, ambako ilikuwa ikisemwa "Laudetur Jesus Christus".

Ukivuka kuingia Uganda, Waganda watakuambia "Mukama yeebazibwe", yaani Bwana ashukuriwe. Upande wa Ankole na Kigezi utasikia "Mukama asiimwe". Rwanda na Burundi wapo wanaosema "Yesu ashimwe", na Wakatoliki wa Rwanda husema "Yezu akuzwe". Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa salamu hiyo ya mwisho. Ni kitenzi kilekile cha kukuza, kufanya kitu kiwe kikubwa. Goma na Bukavu, Kiswahili kinarudi tena na "Bwana asifiwe" inasikika kama Bukoba.

Mwenye sikio kali hutambua mengi katika herufi moja tu. Uganda na Rwanda, anayesema "Yezu" kwa kawaida ni Mkatoliki na anayesema "Yesu" ni wa makanisa ya Kiprotestanti. Tanzania tofauti hiyo inajificha mwishoni mwa jina la pili, "Kristu" kwa Wakatoliki na "Kristo" kwa wengine. Wachuuzi wa zamani wa mpakani wanalijua hilo vizuri, na wapo wanaobadili salamu kulingana na mteja.

Maneno "asiimwe" na "ashimwe" yanastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa yana harufu ya soko. Kusiima kwa Kinyankole na Kihaya, na gushima kwa Kinyarwanda na Kirundi, ni kuridhika na kitu, kukikubali, kukishukuru. Mtu akifurahishwa na kazi ya fundi, husiima. Kwa Kinyarwanda "ishimwe" ni sifa, ni shukrani, na pia ni zawadi anayopewa aliyefanya vizuri. Majina Asiimwe na Ishimwe yamejaa katika simu za wafanyabiashara wa Kagera, Mbarara na Kigali, na yote mawili yamezaliwa na kitenzi hicho.

Kwa hiyo katika lugha hizo, kumsifu Mungu hakutenganishwi na kukiri kwamba umepokea kitu kizuri na umeridhika nacho. Ni tamko la mtu aliyepewa.

Herufi moja ya mwisho

Kiswahili nacho kina lake la kufundisha. Hatusemi "Bwana amesifiwa", wala "Bwana anasifiwa". Tunasema "asifiwe". Ile "e" ya mwisho huonyesha matakwa au agizo, kama katika "mzigo ushushwe" au "mlango ufungwe". Aliyetoa salamu hajatoa taarifa kwamba sifa zimekwisha kutolewa. Ametaka zitolewe.

Lakini na nani? Sentensi yenyewe haimtaji mtendaji. Mtendaji anapatikana katika jibu. Anayesema "Amina" ndiye anayejitokeza kuchukua kazi hiyo. Salamu hii, basi, inahitaji watu wawili. Wa kwanza anafungua, wa pili anatia sahihi.

Haleluya iko tofauti kidogo. Ni Kiebrania, na maana yake ni amri kwa watu wengi: msifuni Yahwe. Mtu anaweza kuipaza peke yake shambani. "Bwana asifiwe", kama inavyotumika kwetu, ikisemwa bila mtu wa kuijibu huonekana imeachwa njiani. Ndiyo maana mhubiri asiporidhika na jibu hurudia: "Bwana asifiwe tena!"

Neno "Amina" lenyewe lina ukoo ambao mfanyabiashara yeyote ataushangaa. Ni neno la Kiebrania, kutoka mzizi wenye maana ya kitu kilicho imara, kinachoweza kutegemewa. Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu, na mzizi huohuo upo katika Kiarabu. Kutoka huko Kiswahili kimepata imani, amini, uaminifu na amana.

Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze, nawe huna haki ya kukitumia kama chako. Mzigo uliochukuliwa kwa mali kauli hauko mbali na hapo. Mpaka utakapouzwa na kulipiwa, thamani yake ni ya mtu mwingine. Kwa hiyo anayejibu "Amina" kisha akabeba magunia hamsini ametamka neno la ukoo mmoja na kile alichobeba mgongoni mwa lori.

Waislamu, ambao ni sehemu kubwa ya biashara ya ukanda huu tangu enzi za misafara ya pwani, hawako nje ya mazungumzo haya. "Alhamdulillahi" ni tamko kwamba sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na "Amina" hufunga dua zao pia. Amana kwao ni neno la dini na la biashara kwa wakati mmoja.

Barabara ya Gahini

Salamu ya sifa ilikuwepo makanisani kabla ya karne ya 20 kukomaa. Lakini namna ilivyotoka kanisani na kuwa alama ya kutambuana njiani, sokoni na kwenye kivuko, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kundi moja la Wakristo: watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao Uganda huwaita Balokole, yaani waliookoka.

Madereva wanaotoka Rusumo wanaijua njia panda ya Kayonza. Kushoto ni Kigali, na mbele kaskazini ni Kagitumba na Uganda. Ukifuata njia hiyo ya kaskazini, kilomita chache tu kutoka Kayonza, kando ya Ziwa Muhazi, upo mji mdogo wa Gahini. Hapo palikuwa na hospitali na shule za misheni ya Kianglikana. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika mwaka 1928, na akakutana na njaa kali iliyoipiga mashariki mwa Rwanda mwaka huo na uliofuata.

Mwaka 1929, akiwa amechoka mwili na moyo, Church alikwenda Kampala. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wawili hao walisoma Biblia na kuomba pamoja, na urafiki wao ukawa moja ya chemchemi za uamsho huo. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini na akawa sauti kubwa ya harakati hiyo mpaka alipofariki mapema mwaka 1936, akiwa bado kijana.

Kutoka Gahini moto huo ulivuka mipaka ya wakoloni kwa kasi ambayo ingewafurahisha wanaopigania soko la pamoja leo. Mwaka 1935 kulikuwa na mkutano mkubwa Kabale, Uganda. Mwaka 1937 timu ilifika Kabete, karibu na Nairobi. Uliingia Burundi, ukaingia Kagera na sehemu nyingine za Tanganyika. Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi ambaye baadaye alikuja kuwa askofu, alikwenda kufundisha Dodoma katika miaka ya 1940. Josiah Kibira wa Bukoba, mtu wa uamsho huohuo, alikuwa askofu wa Kilutheri, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Harakati hiyo haikuwa na makao makuu wala kadi za uanachama. Ilikuwa na neno moja la kutambuana: Tukutendereza.

Neno lisilotafsiriwa

Tukutendereza ni Kiganda. Msemaji wa Kiswahili anaweza kulifungua kama mzigo wa nyumbani: "tu" ni sisi, "ku" ni wewe, sawasawa na katika "tunakusifu". Kinachoweza kumpoteza ni "tenda". Kwa Kiswahili kutenda ni kufanya, lakini kwa Kiganda okutenda ni kusifu, na mwisho wa neno umerefushwa kuonyesha kusifu sana, kusifu kwa kurudia. Maana yake kwa ujumla ni: tunakusifu mno.

Wimbo wenye jina hilo una asili ya wimbo wa Kiingereza wa karne ya 19. Lakini Waingereza wengi hawaujui tena, wakati huku umekuwa kama wimbo wa taifa usio na taifa. Wakikuyu, Wajaluo, Wahaya, Wanyarwanda na Warundi wameuimba kiitikio chake kwa Kiganda bila kukitafsiri, vizazi kwa vizazi. Huimbwa harusini, misibani na kwenye vituo vya mabasi watu wanapoagana.

Hata hivyo, ni muhimu kujua wakati wake wa kuimbwa katika mikutano ya mwanzo. Haukuimbwa kuanzisha ibada. Mtu alisimama mbele ya wenzake, akataja kosa lake kwa jina, na akisha kumaliza ndipo waliokaa walipoinuka kuimba. Sifa ilikuja baada ya hesabu kuwekwa mezani.

Hilo lilikuwa jambo geni katika nchi hizi. Rwanda, Ankole na Buhaya zilikuwa na desturi kongwe ya majigambo. Mwanamume alisimama mbele ya mfalme au wageni akajisifu kwa kutaja ushujaa wake, ng'ombe wake na maadui aliowashinda. Kihaya huyaita ebyebugo, na Kinyarwanda ibyivugo. Hata "Mukama", jina wanaloliita Bwana katika salamu, lilikuwa cheo cha mfalme wa Wahaya na wa Wanyoro. Sasa mtu alisimama mbele ya watu kwa namna ileile, lakini akataja alichoiba badala ya alichoshinda, kisha sifa zikapelekwa kwa mwingine.

Sifa iliyofuata malipo

Balokole hawakuishia kwenye kukiri. Walirudisha. Watumishi walipeleka kwa waajiri vitu walivyoviiba. Watu walilipa madeni ambayo wenye kudai walikuwa wamekwisha kuyasamehe au kuyasahau. Wengine walikwenda ofisi za serikali na shule za misheni kurejesha fedha, na wakubwa wakabaki wanashangaa waziandike kwenye daftari gani.

Mfano wao ulikuwa mtu ambaye watu wa mpakani wangemtambua mara moja: Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko anayesimuliwa katika Injili ya Luka, sura ya 19. Wakenya siku hizi wamelifanya jina hilo kuwa utani wa kodi, lakini mwisho wa kisa chake hautajwi sana kwenye utani huo. Zakayo aliahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Na katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, agizo ni kwamba mtu aliyeleta sadaka akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapohapo, akapatane kwanza.

Si kila mtu alifurahi. Kelele za nyimbo usiku ziliwakera majirani. Kukiri hadharani kuliwaaibisha wake, waume na wakubwa ambao majina yao yalitajwa bila ridhaa yao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha kanisa cha Mukono, Uganda, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao dhidi ya dhambi walizoziona chuoni. Kenya, wakati wa Mau Mau, watu wa uamsho walikataa kula kiapo, na wapo waliouawa kwa kukataa huko.

Wanahistoria wanabishana kama walikuwa waasi, watakatifu au wasumbufu tu. Kwa msomaji wa ukurasa huu, jambo moja linatosha. Katika kizazi hicho, mtu aliyekuja kibandani kwako akasema "Bwana asifiwe" alikuwa anajitaja kuwa mmoja wa watu wanaorudisha. Nyuma ya salamu kulikuwa na kundi zima lililokuwa likimuuliza kila wiki kuhusu fedha zake, ndoa yake na ulimi wake. Akikosea, angesimama mbele yao kueleza.

Salamu ilikopesheka kwa sababu kulikuwa na watu walioidhamini.

Mpakani, mwaka 1994

Ingekuwa rahisi kuishia hapo kwa sifa, lakini barabara ya Rusumo haituruhusu.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Rwanda ilihesabiwa miongoni mwa nchi zenye Wakristo wengi kuliko zote Afrika. Sala na salamu za sifa zilikuwa midomoni mwa wengi wa waliouawa, na pia mwa wengi wa waliowaua. Huko Nyarubuye, mwendo mfupi kutoka mpaka huo, maelfu ya watu waliokimbilia kanisani waliuawa hapohapo. Parokia hiyo sasa ina kumbukumbu ya mauaji ya kimbari.

Walikuwepo pia walioficha majirani zao kwa kuhatarisha maisha, na miongoni mwao walikuwemo watu walioongozwa na imani hiyohiyo. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba salamu peke yake ilimzuia mtu. Nchi ambamo Gahini ipo ilijifunza kwa gharama kubwa kuliko zote kwamba maneno matakatifu yanaweza kubaki mdomoni baada ya maana kuondoka.

Hasara ya mali kauli haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na jambo hilo. Lakini somo linapita hadi kwenye vitu vidogo. Neno la sifa halina nguvu ya kumzuia anayelisema asifanye anachotaka kufanya. Nguvu ilitoka kwa watu waliosimama pande zote mbili za neno hilo, wakiulizana.

Sokoni leo

Leo watu hao wa kuulizana wamepungua. Mpakani kuna makanisa mengi, mengine ya miaka miwili mitatu tu, na mfanyabiashara anaweza kusali Jumapili moja Kampala na nyingine Mwanza bila mchungaji yeyote kumjua kwa jina. Salamu imebaki ileile, lakini mara nyingi nyuma yake hakuna kikundi, hakuna mzee, hakuna kumbukumbu.

Matapeli wameliona pengo hilo mapema. Mbinu yao inajulikana. Mtu huja mara mbili tatu akinunua mzigo mdogo kwa fedha taslimu. Kila mara husalimia kwa sifa, hutaja maandiko, huulizia kwaya. Mara ya nne huomba mzigo mkubwa kwa mali kauli, na simu yake haipatikani tena. Wanaoumia zaidi ni akina mama wenye mitaji midogo, hasa wale ambao mtaji wenyewe ni mkopo wa kikundi.

Wanasiasa nao wameijua njia hiyo. Kwenye mazishi na michango ya ujenzi wa makanisa, kiongozi hupanda jukwaani akapaza "Bwana asifiwe!" mara tatu, umati ukaitika, na kufikia hapo maswali magumu yamekwisha kulainika.

Kwa upande mwingine, salamu hii inaweza kumfungia mtu mlango. Mfanyabiashara Mwislamu, Mhindu au asiye na dini, anapopokelewa kwa "Bwana asifiwe" inayosemwa kama jaribio, huelewa kwamba asipojibu atauziwa kwa bei nyingine. Sifa ikigeuzwa kuwa kipimo cha bei, imeacha kuwa sifa na imekuwa ushuru usio na risiti.

Wakongwe wa mpakani hawajaiacha salamu. Wanachofanya ni kuitenganisha na hesabu. Wanasalimiana kwa moyo wote, kisha daftari linafunguliwa. Wanaandika idadi ya magunia, uzito, bei kwa fedha ya nchi gani, na tarehe ya kulipa. Mtu wa tatu anayefahamika na pande zote mbili anashuhudia. Malipo ya awali yanatumwa kwa simu ili ujumbe ubaki kama ushahidi. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa cheti cha asili ya bidhaa, na karatasi hiyo nayo husaidia kuonyesha nani alisafirisha nini.

Wapo wanaoona haya kudai maandishi kutoka kwa ndugu katika imani. Wanahofu itaonekana hawamwamini. Historia ya Balokole inawapa jibu zuri. Watu hao, ambao sifa ilikuwa midomoni mwao kuliko wengi, ndio hasa waliosisitiza hesabu zitajwe wazi mbele ya mashahidi. Walikuita huko kutembea nuruni. Daftari lililo wazi mezani lina nuru zaidi ya ahadi iliyosemwa pembeni, na ndugu wa kweli hatalikasirikia.

Mdai naye anaweza kujifunza kitu kutoka kwao. Mdaiwa aliyepata hasara ya kweli, lori lililopinduka au mpaka uliofungwa, anahitaji mahali pa kusema bila kukimbia. Kati ya Februari 2019 na mwisho wa Januari 2022, mpaka wa Gatuna ulipofungwa, wapo waliokwama na mizigo wasiyoweza kuuza wala kurudisha. Katika hali kama hiyo, anayepiga simu na kueleza ni mtu wa kuaminika kuliko yule anayetuma aya za Biblia huku akizima simu.

Ahadi ni deni, wahenga walisema, na "Amina" ni ahadi fupi kuliko zote. Ukiambiwa "Bwana asifiwe" kesho pale Mutukula au Rusumo, itikia kwa furaha, maana ni salamu nzuri na imetembea umbali mrefu kukufikia. Kisha muulize mgeni anasali wapi, nani anamjua huko, na kama unaweza kumpigia simu mtu huyo sasa hivi. Mtu wa amana atakupa namba.